FUNDI WA NYUMBANI: Kombi Chini ya Mwembe



Mwezi uliopita tuliziba pancha ya baiskeli. Mwezi huu kazi ni kubwa zaidi.

Msomaji wetu mmoja wa Mfaranyaki, hapa Songea mjini, ametuletea swali. Baba yake alifariki akaacha Kombi. Kombi hiyo imesimama chini ya mwembe kwa miaka kumi na mmoja. Kuku wanatagia ndani. Watoto wa jirani huingia wakacheza udereva. Kaka zake wawili wanasema iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, fedha zigawanywe. Yeye anataka kuifufua. Anataka ibebe mboga siku za kazi, na watu wa harusi siku za Jumamosi. Anauliza: Je, Kombi inaweza kutengenezwa nyumbani, au najidanganya?

Jibu letu ni hili. Inawezekana. Lakini si kila Kombi, na si kwa kuanzia pale watu wengi wanapoanzia. Wengi huanza na injini, kwa kuwa wana hamu ya kuisikia ikinguruma. Wengine huanza na rangi. Hayo ni ya baadaye. Kabla ya kununua hata bolti moja, jua mambo mawili. Gari ni la nani? Na kutu imekula kiasi gani?

GARI NI LA NANI?

Tazama kadi ya gari. Kama ina jina la marehemu, gari hilo si lako peke yako. Ni mali ya mirathi. Wanandugu hukaa kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi. Msimamizi huyo huthibitishwa na mahakama, na watu wengi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Baada ya hapo ndipo jina la kwenye kadi huweza kubadilishwa katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, yaani TRA.

Utasema, hayo ni mambo ya karatasi, mimi nataka spana. Ngoja kidogo. Tumewaona vijana waliotia fedha zao zote katika gari la baba. Lilipokuwa bovu, hakuna ndugu aliyelitazama. Siku lilipowaka, ndugu wote walikumbuka kuwa ni gari la baba. Kwa hiyo andikianeni mapema. Nani atatoa fedha? Nani atatoa kazi? Gari likipona, mapato yatagawanywa namna gani? Kila mmoja atie sahihi yake, na mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, hapa ndipo kalamu inapokufaa.

KOMBI NI GARI GANI?

Kombi ni gari la kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani. Mwaka 1947 mfanyabiashara mmoja Mholanzi, Ben Pon, alichora katika daftari lake gari mfano wa sanduku, injini nyuma, dereva mbele kabisa. Mwaka 1950 gari hilo lilianza kutengenezwa. Jina Kombi ni kifupi cha neno refu la Kijerumani. Maana yake ni gari la kazi mbili, watu na mizigo. Basi msomaji wetu hakukosea. Mboga na harusi ndiyo kazi yake tangu mwanzo.

Umbo la kwanza lina kioo cha mbele cha vipande viwili. Umbo la pili lilianza mwaka 1967. Hilo lina kioo kimoja kikubwa kilichojipinda. Ndilo tulilolizoea zaidi hapa Afrika Mashariki, na ndilo lililo chini ya mwembe wa Mfaranyaki. Ujerumani waliacha umbo la pili mwaka 1979. Lakini Brazil waliendelea kulitengeneza mpaka mwisho wa mwaka 2013. Hili lina faida kwako. Spea zake nyingi bado zinatengenezwa. Na injini yake ni ndugu ya injini ya ile Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe, kwa hiyo spea nyingi za ile zinaingia katika hii. Ukikosa Songea, agiza Dar es Salaam, mtaa wa Gerezani, zije kwa basi. Peleka na kile kipande cha zamani au picha yake. Usitume maneno matupu, utaletewa kisichoingia.

TUMIA BISIBISI KWANZA

Tulikwenda wenyewe Mfaranyaki kuiona Kombi hiyo. Kwa nje ilitutisha. Rangi imechubuka, tairi zote zimelala, mlango wa pembeni haufunguki. Lakini uso wa gari hudanganya. Gari linaweza kung'aa juu na kuwa limeoza chini. Na jingine linaweza kuwa bovu la sura lakini mifupa mizima.

Kombi haijengwi kama lori. Lori lina chesisi peke yake na bodi juu yake. Katika Kombi, bodi na mihimili ya chini vimechomelewa pamoja kuwa kitu kimoja. Bodi ikioza, nguvu ya gari imekwisha.

Chukua bisibisi imara. Gonga kwa mpini wake. Bati zima hulia kwa sauti kali. Bati bovu hutoa sauti nzito, kama kugonga kadibodi. Pale penye sauti nzito, sukuma kwa ncha. Ikizama, umepata kutu. Pitia sehemu hizi: chini ya raba ya kioo cha mbele, sakafu ya dereva na ya abiria wa mbele, kingo za chini za milango, mahali pa kutilia jeki, ndani ya matao ya magurudumu, na sahani ya chuma inayobeba betri huko nyuma kulia ndani ya chumba cha injini. Betri humwaga tindikali, na tindikali hula chuma. Mwisho lala chini utazame mihimili mirefu inayotoka mbele kwenda nyuma.

Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili. Maji huingia kwenye raba ya kioo iliyopasuka, hushuka ndani ya bati na kukaa sakafuni. Yule mwenye gari haoni kitu, maana mkeka umefunika. Tulipoinua mkeka wa Kombi ile, tuliona majani ya mwembe yaliyooza, na chini yake tuliona udongo wa nje. Sakafu ya dereva haipo. Pembe mbili za matao ya nyuma nazo zimekwisha. Lakini mihimili ilituitikia kwa sauti kali kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulirudia mara mbili.

Kwa hiyo tulimwambia kijana huyo: Kombi yako ina mifupa. Sakafu hukatwa ikachomelewa bati jipya. Kama mihimili ingekuwa imeoza, tungemwambia awasikilize kaka zake. Tunasema hivi bila kuficha, kwa sababu kuna watu wanaofufua gari kwa mapenzi tu, wakaishia kupoteza gari na fedha pia.

DAFTARI NA MAKOPO

Nunua daftari la shule. Kila unachofungua, kiandike kwa utaratibu ulivyokifungua. Siku ya kurudisha, utasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Weka bolti katika makopo. Katika kila kopo tia kipande cha karatasi: bolti 4, mlango wa kushoto. Usiseme nitakumbuka. Kazi ya nyumbani haiishi kwa wiki moja. Kuna kulima, kuna msiba, kuna ada ya shule. Utarudi baada ya miezi mitatu ukute makopo kumi yanakutazama.

JEKI

Hapa tutakaa kidogo, kwa maana ndipo watu hufa.

Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, mimi ninayeandika safu hii nilikuwa chini ya Kombi ya jirani. Nilikuwa nimeinyanyua kwa jeki peke yake, juu ya ardhi iliyoonekana ngumu. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Nilitambaa nje kufuata spana ya 17. Kabla sijaishika nilisikia kishindo nyuma yangu. Jeki ilikuwa imezama upande mmoja, ikaponyoka. Pale kilipokuwa kifua changu palikuwa na chuma. Sikufanya kazi tena siku ile. Nilikwenda kukaa kivulini, na jirani akaniletea maji ya kunywa bila kusema neno.

Kombi tupu ina uzito wa zaidi ya tani moja. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Fanya hivi. Tafuta mahali tambarare. Zuia kwa kabari magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma. Chini ya jeki weka ubao mpana na mnene. Ukisha kuinua, weka stendi za chuma. Kama huna stendi, panga magogo mazito yaliyokatwa bapa, yakipishana kama ngazi. Usitumie tofali, la kuchoma wala la saruji. Tofali hubeba, hubeba, kisha hupasuka ghafula bila kukuonya. Kabla ya kuingia chini, lisukume gari kwa nguvu kwa mkono. Likitikisika, panga upya. Na usifanye kazi ya chini ya gari ukiwa peke yako nyumbani.

BREKI KABLA YA INJINI

Gari lisilowaka haliui mtu. Gari linalowaka lakini halisimami linaua. Kwa hiyo sisi tunaanza na breki.

Unapokanyaga breki, masta silinda husukuma mafuta ya breki katika mabomba. Mafuta hayo husukuma silinda ndogo zilizo kwenye magurudumu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Miaka kumi na mmoja chini ya mwembe, mafuta yale yamejaa maji. Maji yameotesha kutu ndani ya silinda. Mipira ya breki nayo imekauka na kupasuka. Usijaribu kuvibembeleza. Badilisha mipira yote. Silinda zifungue, na zenye mashimo ya kutu zitupe. Mabomba ya chuma yaliyoliwa yabadilishwe. Nunua mafuta mapya ya breki katika kopo lililofungwa, yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4. Soma kopo kabla ya kulipa.

Kuna madereva wanaotia maji ya sabuni katika breki wanapoishiwa mafuta njiani. Wengine hutia oili ya injini. Yote mawili ni hatari. Maji huchemka breki ikipata moto, na pedali huzama mpaka chini. Oili huvimbisha raba za silinda zote, na utanunua upya kila kitu.

Jambo jingine ambalo zamani mafundi hawakulijua. Laini za breki za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya baada ya miaka mingi. Unapofungua dramu, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Liloweshe kwa maji, lifute kwa kitambaa kilicholowa, kitie kitambaa hicho katika mfuko na ukifunge. Watoto wakae mbali.

Baada ya kufunga, toa upepo katika mabomba. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti, mwingine analala kwenye gurudumu na spana, mpira mwembamba na chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Wa chini anasema: Kanyaga! Wa juu anajibu: Nimekanyaga! Wa chini anafungua, mapovu yanatoka, anafunga. Ndipo anasema: Achia! Endeleeni hivyo mpaka mapovu yaishe, na kopo la juu lisikauke. Pedali nzuri ni ngumu kama kukanyaga jiwe. Ikiwa laini kama sponji, upepo bado upo.

PETROLI YA ZAMANI

Petroli iliyokaa miaka huoza. Hunuka kama vanishi na huacha utomvu katika kabureta. Itoe yote. Usiivute kwa mdomo. Fanya kazi hii mchana, nje, mbali na jiko, kibatari na sigara.

Tangi la Kombi liko nyuma, karibu na injini, na mara nyingi huwezi kulitoa mpaka injini itoke kwanza. Basi injini ikiwa nje, badilisha mipira yote ya petroli, hata inayoonekana mizima, na kaza kila mmoja kwa klipu. Kombi nyingi zimeungua kwa sababu ya mpira mmoja mdogo uliopasuka juu ya injini ya moto. Na ganda la injini hiyo lina madini ya magnesi. Magnesi ikishika moto, kuimwagia maji kunauchochea moto. Kizima moto cha unga kikae ndani ya gari tangu siku ya kwanza.

Kabla mtu wa kuchomelea hajawasha mashine, toa betri na toa tangi. Wengine husema, tangi ni tupu, halina neno. Tangi tupu lina mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka.

Kuchomelea kwenyewe mpe fundi aliyefunzwa. Hapa Songea hatuna shida hiyo. Kuna chuo cha VETA, na wapo wazee waliojifunza ufundi kwenye karakana za misheni ya Peramiho. Mwambie fundi akate mpaka afike kwenye chuma kizima. Akitaka kubandika bati juu ya kutu na kupaka pati, mshukuru na utafute mwingine.

INJINI YA HEWA

Injini ya Kombi haina rejeta wala maji. Hupozwa kwa upepo. Feni huvuta hewa na kuipuliza juu ya silinda zenye mapezi. Injini imezungukwa na mabati membamba na raba pembeni. Kazi yake ni kuzuia hewa ya moto ya chini isirudi juu. Wapo watu wanaoyatoa mabati hayo ili injini ipumue. Kinyume chake, injini hunyonya joto lake yenyewe na kuungua. Yasafishe, uyarudishe yote.

Fungua pia nyumba ya feni utazame ndani. Katika Kombi ya Mfaranyaki tulitoa kiota kizima cha panya, na ndani yake vipande vya gazeti. Tulijaribu kusoma ni la mwezi gani, hatukuweza. Kama kijana angewasha bila kutazama, silinda za upande huo zisingepata upepo hata kidogo.

Usianze na ufunguo. Toa plagi zote nne. Nyaya zake zifunge alama kabla ya kuzitoa, maana zinawaka kwa mpango wa 1, 4, 3, 2. Tia oili kijiko kimoja katika kila tundu, ngoja siku mbili. Kisha zungusha injini kwa spana, polepole. Ikikataa, ongeza oili, ngoja tena. Usiilazimishe kwa stata wala kwa kuisukuma gari barabarani. Ikizunguka, mwaga oili chafu, osha chujio la chini, tia mpya. Injini ya 1600 huchukua lita mbili na nusu tu. Nafasi ya valvu ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Nafasi ya pointi ni milimita 0.4. Andika namba hizi katika daftari lako.

Ikiisha kuwaka, jua hili: mkanda unaozungusha dainamo ndio huo huo unaozungusha feni. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa njiani, simama pale pale, uzime injini. Usiseme nitafika tu Msamala.

Taa, waya, viti na rangi hatutaeleza leo. Hayo ni rahisi, na hayana haraka.

SIKU YA KWANZA

Tembeza gari uani kwa mwendo wa mtu. Kanyaga breki. Jaribu handibreki. Zima, lala chini, tazama kama kuna kinachovuja. Rudia kesho yake. Kabla ya kutoka barabarani hakikisha kadi iko sawa, bima imelipwa, tairi ni mpya, na polisi wa usalama barabarani wamelikagua gari. Safari za kwanza ziwe fupi na za tambarare. Njia ya Njombe na milima yake ya Lukumburu ingoje.

Kaka wawili wa Mfaranyaki walisimama pembeni siku ile tulipogonga mihimili. Mkubwa alichukua bisibisi akagonga mwenyewe, akasikiliza, akagonga tena. Wamekubaliana kwa maandishi kungoja mpaka mavuno ya mwakani. Bati la sakafu atanunua yeye mkubwa. Mama yao ameomba jambo moja tu: kuku wajengewe banda kwanza.